Mama mdogo anafungiwa ndani na kadi yake ya pensheni imeshikiliwa, ila hataki kuondoka. Mtu mzima unamlindaje bila kumburuza?

#1 Binti Mapipa

Habari za jioni wakuu. Naomba mawazo, na wale wa kutukana huu uzi muupite tu.

Nina mama mdogo, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Anaishi Magomeni kwenye nyumba yake mwenyewe. Alipata kiharusi, mkono na mguu wa kushoto havina nguvu na maneno yanamtoka taratibu. Akili lakini iko palepale, ukisema "ela" anakurekebisha useme "hela". Anakaa na mwanawe, binamu yangu, ambaye ndiye anayempikia, anamwogesha na kumpeleka kliniki. Hapo sina neno.

Shida ni kwamba kadi ya benki anakaa nayo binamu, na namba ya siri anayo yeye. Pensheni ikiingia mama haoni hata salio. Akiomba hela ya vocha anaambiwa "unampigia nani?" Halafu asubuhi binamu akitoka kwenye mishe zake anafunga geti la mlango kwa nje, kufuli kubwa. Anasema vibaka wengi, ni kwa usalama wake. Jirani ndiye aliyenishtua, kwamba kuna siku bi mkubwa alikaa dirishani anaomba wapita njia wamnunulie maandazi.

Ndugu wamewaka. Kwenye grupu la ukoo limeshapitishwa azimio: Jumamosi waende na gari, Noah, wamchukue wampeleke Muheza kwa dada yake, nyumba ipangishwe, kodi imtunze huko. Watu kibao kwenye grupu, hakuna hata mmoja aliyempigia mwenyewe.

Nilikwenda nikamuuliza. Akasema, "Mimi kwangu siondoki. Na mwanangu msimguse." Kisha akalia. Shangazi anasema hayo ni maneno ya kiharusi, mgonjwa haulizwi.

Sasa mimi nimebaki njia panda. Mtu mzima, mwenye akili zake, anaonewa, na anakataa msaada mnaompa. Unafanyaje?

#2 Chui wa Tandale

Polisi tu. Huyo dogo akilala ndani wiki moja kufuli atalisahau.

#3 Baba Kizito

Dada, mambo ya ukoo yamalizwe na ukoo. Mkishaleta serikali humo ndani hamtaelewana mpaka mnakufa. Shangazi yako yuko sahihi, mtu akishapooza wenye nguvu ndio wanaoamua. Ndivyo tulivyolelewa.

#4 Chui wa Tandale

Ukoo gani mzee wangu? Huo unaotaka kupangisha nyumba ya mtu kabla hajafa? Jamaa wameshapiga hesabu ya kodi ya Magomeni hao.

#5 Mama Ustawi

Binti Mapipa, pole. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii mpaka nimestaafu, hapahapa Dar, na kesi kama hii nimezikuta Manzese, Buguruni, Kurasini, mpaka Mikocheni kwenye mageti ya umeme. Wa Mikocheni wanafunga kwa rimoti, basi.

Kwanza, Jumamosi hiyo zuia. Ukimchukua mtu kwake kwa nguvu, hata kwa nia njema, umefanya kilekile anachofanyiwa na mwanawe, ila kwa kundi na kwa gari. Mama wa watu ana mambo mawili tu yaliyobaki mkononi mwake, nyumba yake na kauli yake. Ninyi mnataka kuvichukua vyote kwa siku moja halafu mseme mmemwokoa.

Pili, "siondoki" haina maana kwamba hataki msaada. Anakataa msaada huo mnaompa. Hakuna aliyemuuliza anataka upi. Swali la kwanza kwenye kazi hii, kabla ya fomu na kabla ya polisi, ni: mama, wewe unataka nini kibadilike? Na nini unaogopa kitatokea tukiingilia? Hilo la pili wengi hulisahau, na mara nyingi jibu lote liko humo. Wazee wengi wanaogopa zaidi kubaki peke yao kuliko wanavyoogopa kuibiwa. Mwana anayemla pensheni ndiye huyohuyo anayemgeuza usiku.

Tatu, namna ya kuuliza. Usiende na kundi, na usiende na mtu wa sare. Mtu aliyezoea kutishwa akiona watu wengi wamesimama juu yake atasema "sina tatizo lolote", mtaandika hivyo, kesi imekufa. Tafuta saa ambayo kijana hayupo. Kaa chini, usawa wa macho yake, na usikae kati yake na mlango. Muulize mlango ubaki wazi au ufungwe. Anza na habari nyingine, shule alizofundisha, wanafunzi wake. Mwambie mapema kabisa utakayoyasikia utamweleza nani, na usimwahidi siri ambayo huwezi kuitunza, kwa sababu akigundua umemdanganya hatafungua mdomo tena kwa mtu yeyote.

Akisimulia vipandevipande, leo hivi kesho vile, usimkamate uongo. Mtu aliyepita kwenye vitisho kumbukumbu zake hazikai kwa mpangilio wa tarehe. Na lile swali la "mbona hukusema siku zote?" lifute kabisa. Watu wetu wanalipenda sana, na linamfunga mtu mdomo kuliko tusi.

Cha mwisho, asirudie kusimulia kwa kila ofisi. Nimeona mama mmoja alisimulia kwa mjumbe, kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa mtendaji, kituoni kaunta mbele ya watu, halafu kwa nesi. Kufika kwa daktari alikuwa anatetemeka. Mmoja asikilize vizuri, aandike, amsomee mwenyewe asahihishe, na wengine wasome alichoandikiwa.

Nenda ofisi ya kata, mwulizie afisa ustawi wa jamii. Ni huduma ya halmashauri, hailipiwi.

#6 Fundi Jokofu

Mama yetu umeongea vizuri, shikamoo. Ila tuambizane ukweli, afisa ustawi mmoja ana kata ngapi? Gari hana, mafuta hana. Kwetu Gongo la Mboto ukimtaka inabidi umtumie nauli ya bodaboda.

#7 Mama Ustawi

Marahaba mwanangu. Hilo ni kweli na sitalibishia. Ndiyo maana jirani anayejua kuuliza ana thamani kubwa. Kazi hii nusu yake haihitaji gari, inahitaji mtu wa kukaa kimya dakika chache bila kumalizia sentensi ya mwenzake. Huyo mwalimu anaongea taratibu, na watu wanamjibia.

#8 Msafiri wa Leeds

Nachangia kidogo kutoka huku. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kabla ya kugusa mtu yeyote tulipigwa semina ya mambo haya.

England wana sheria ya 2014, Care Act. Kifungu cha 42 kinailazimisha halmashauri kuchunguza ikiwa kuna sababu ya kuhisi kwamba mtu mzima mwenye kuhitaji matunzo ananyanyaswa au kutelekezwa, au yuko hatarini, na kwa sababu ya hali yake hawezi kujilinda. Wizi wa hela umo, kutelekezwa umo, hata mtu kujitelekeza mwenyewe umo. Mwongozo wake una misingi sita, na wa kwanza kutajwa ni kumpa mtu nguvu ya kuamua. Kumlinda kumetajwa baadaye.

Ila kitu kilichonibadilisha mimi ni sheria nyingine, ya 2005, inayohusu uwezo wa mtu kuamua. Inaanza kwa kusema kila mtu mzima achukuliwe kuwa anao uwezo mpaka ithibitike hana. Na inasema kufanya uamuzi usio wa busara peke yake si ushahidi kwamba mtu hana akili timamu. Wanaangalia mambo manne: anaelewa anachoambiwa? Anakishika kichwani muda wa kutosha kuamua? Anaweza kupima faida na hasara? Anaweza kuufikisha uamuzi wake, kwa maneno, kwa ishara, hata kwa kupepesa jicho? Na unapima jambo mojamoja. Mtu anaweza kushindwa kuelewa mkataba wa kuuza nyumba lakini anajua fika anataka kuishi wapi.

Sasa mpime mama mdogo wa dada yetu hapo juu. Anajua kwake ni wapi, anajua mwanawe ni nani, anajua anaibiwa, na bado amechagua.

Msidhani lakini huku ni peponi. Nimeona watu wanajaza fomu ya "matakwa ya mhusika" bila kumuuliza mhusika. Shirika la Afya Duniani linakadiria mtu mmoja kati ya sita wenye miaka 60 na kuendelea amepata unyanyasaji wa aina fulani ndani ya mwaka, hapo ni kwa wanaoishi kwenye jamii, na kwenye vituo vya matunzo hali ni mbaya zaidi.

#9 Baba Kizito

> Msafiri wa Leeds alisema: kila mtu mzima achukuliwe kuwa anao uwezo mpaka ithibitike hana

Hizo ni za Wazungu, ambao mzee wao akifika umri fulani wanampeleka kituoni wanamtembelea Krismasi. Sisi mzee ni wa watu wote. Mkianza kumuuliza kila mtu "unataka nini" ukoo utakuwa bunge.

#10 Kiti Mwendo

Baba Kizito, shikamoo. Naomba nikujibu kwa adabu maana mimi ni mmoja wa hao "wasioulizwa".

Nilikuwa dereva wa bajaji Temeke. Nilipata ajali, uti wa mgongo, tangu hapo natumia kiti. Nikiwa bado nimelala wodini ndugu walikaa kikao, wakauza bajaji yangu, wakavunja chumba changu, wakagawana vitu, na mchumba wangu wakamwambia asijisumbue. Yote kwa upendo, nawaambieni! Kaka yangu alilia akinieleza. Hela ya bajaji kweli ilikwenda kwenye matibabu, sikatai. Lakini nilikuwa na fahamu. Nilikuwa naongea. Ningewaambia pangisheni bajaji iingize hesabu kila siku, msiiuze.

Mpaka leo nikienda zahanati, nesi anamuuliza aliyenisukuma: "Anaumwa wapi?" Nami nipo hapo, miguu ndiyo imelala, mdomo unafanya kazi. Siku hizi nimemfundisha mdogo wangu ajibu: "Muulize mwenyewe."

Na haya si ya Wazungu. Tanzania imeridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tangu 2009, na mwaka uliofuata Bunge letu likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Humo ndani kuna heshima ya utu wa mtu na uhuru wa kujiamulia mambo yake. Mwalimu mwenye kiharusi aliyepoteza nguvu za mkono na mguu naye anahusika humo, hata kama nyumbani wanamwita mgonjwa tu. Chama cha watu wenye ulemavu kilicho karibu nanyi kinaweza kuwaelekeza, vingi vimo chini ya shirikisho lao, SHIVYAWATA.

Halafu hilo la ukoo kuwa bunge, mzee wangu, bungeni angalau mtu anapewa nafasi ya kusema.

#11 Chui wa Tandale

Kiti Mwendo umemaliza. Nafuta kauli yangu ya polisi... au nusu yake.

#12 Binti Mapipa

Wakuu nimerudi. Jumamosi haikuwepo, nilimpigia shangazi nikamwambia gari likifika nitakuwa nimekaa mlangoni na mwenyekiti wa mtaa. Amenuna.

Nilikwenda kata, nikamkuta afisa ustawi, dada mdogo tu kwa umri. (Fundi Jokofu, nauli nilitoa kweli.) Tulikwenda saa ambayo binamu hayupo, na jirani akatupitisha mlango wa uani ambao nao una kufuli, ila wapangaji wa nyuma wanao ufunguo.

Nataka niwasimulie alivyofanya, maana sijawahi kuona ofisa wa namna hiyo. Alivua viatu, akasalimia shikamoo, akauliza, "Nikae wapi mwalimu?" Mama akaonyesha kigoda, akakaa. Daftari hakulitoa mpaka alipoomba ruhusa ya kuandika. Akamwambia: nitakayoandika nitakusomea, ukisema futa nafuta, ila ukiniambia kuna mtu anataka kukuua au kuna mtoto anaumizwa humu ndani, hilo sitaweza kunyamaza nalo, nakwambia mapema. Mama akatikisa kichwa.

Kisha akamuuliza mambo yakikaa sawa yatakuwa yamekaaje. Kimya kirefu mpaka nikataka kumsaidia mama kujibu, dada akaninyoshea kiganja nisubiri. Mama akaanza kuhesabu kwa vidole vya mkono mzima. Ufunguo wa kwake awe nao yeye. Kadi yake airudishiwe. Alhamisi aende darasa la akina mama msikitini kama zamani, hata kwa kubebwa. Na mwanawe asifungwe wala asifukuzwe.

Basi. Hakutaka Muheza, hakutaka kesi, hakutaka hata hela zilizokwisha kuliwa.

Halafu akasema jambo ambalo sisi wote hatukulijua. Kwamba marehemu mume wake wa kwanza, enzi hizo wanaishi mkoani, alikuwa akisafiri anamfungia ndani na kufuli, na yeye ana mimba. Akasema, "Nikisikia kile kitasa kinagonga natokwa jasho." Mimi nikaanza kulia. Nilijua dada atataka kuchimba, ilikuwa mwaka gani, nani alijua. Yeye akasema tu, "Ahsante kwa kunieleza mwalimu. Tuendelee nayo hii leo, au tuiache?" Mama akasema tuiache. Ikaachwa. Wakazungumzia wali wa nazi.

Binamu kaitwa kesho. Nitarudi.

#13 Mama Ustawi

Huyo dada aongezewe mshahara. Mmeona alivyoiacha? Wengi wetu tulifundishwa kwamba mtu akifunguka lazima umalize naye yote hapohapo. Akibaki usiku peke yake na kidonda ulichokifunua, nani atakuwa naye? Anayetaka kusema zaidi atasema siku nyingine, kwa sababu ameona hakulazimishwa.

Na sasa kufuli mnalielewa. Kijana anadhani anazuia vibaka. Mama kila asubuhi anarudishwa kwenye ile nyumba ya mkoani.

#14 Baba Kizito

Nimeisoma hiyo ya mimba nimenyamaza kidogo. Lakini swali langu liko palepale, na naomba nisijibiwe kwa jazba. Tuseme siyo mwalimu. Tuseme ni baba yangu, amesahau hata jina langu, akitoka anaingia barabarani Morogoro Road. Huyo naye nimwachie ufunguo kwa sababu ni haki yake? Na siku nyumba ikiungua?

#15 Mama Ustawi

Swali zuri na halina jibu la mkato.

Umetaja moto. Kufuli la nje ni hatari kwa mzee mwenye akili na kwa asiye na akili, wote wawili wataungua. Kwa hiyo hilo litoke kwanza. Kwa mzee anayesahau na kutangatanga, weka mtu wa kukaa naye, weka kengele ndogo mlangoni, tengeneza komeo la juu ambalo aliye ndani naye anaweza kulifungua, mvishe bangili yenye namba ya simu, waambie wenye maduka na bodaboda wa kona wanamjua huyu ni nani. Unachagua njia inayombana kidogo kuliko zote na bado inamlinda. Ukianza na ile inayombana sana kwa sababu ndiyo rahisi kwako, hapo ndipo unapokosea.

Hata baba yako aliyesahau jina lako bado ana mambo anayajua. Anajua anampenda nani amwogeshe. Anajua chai bila tangawizi haipiti. Muulize hayo. Na yale asiyoweza kuamua leo, tazama alivyoishi: alikuwa mtu wa kukaa barazani? Basi kumficha chumbani si yeye.

Pale ambapo kuna kipigo, kuna kubakwa, kuna njaa ya kukusudia, au kuna mtu mwingine hatarini kama mtoto, hapo hatusubiri ridhaa ya kila kitu. Tunachukua hatua. Ila hata hapo unamweleza unakwenda wapi na kwa nini, na unampa nafasi kwa yale yaliyobaki: nani aongozane naye, ahojiwe na mwanamke au mwanaume, aanze na hospitali au na kituo. Mambo madogo, lakini kwa mtu aliyenyang'anywa kila kitu hayo ndiyo mwanzo wa kujishika tena.

#16 Msaidizi wa Kisheria Ilala

Nipo kwenye msaada wa kisheria, niongeze ya upande huo. Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na hapa Dar mashirika kama TAWLA, LHRC na WLAC husaidia wasio na uwezo wa kulipa wakili. Wazee wengi hawajui.

Kuhusu mali. Kinachowaumiza wazee wa Magomeni, Kariakoo na Ilala ni dole gumba. Mtu anakuja na karatasi, "bibi weka hapa, ni ya msaada wa TASAF", kumbe ni mkataba wa mauzo. Mzee yeyote asisaini wala asiweke dole kwenye karatasi ambayo hajasomewa na mtu aliyemchagua yeye. Kama nyumba ina hati iliyosajiliwa, uliza ofisi ya ardhi kuhusu kuweka kaveti, ni zuio linalofanya uhamisho usipite kimyakimya. Kama aliwahi kumpa mtu hati ya uwakilishi na bado ana akili timamu, anaweza kuifuta. Na kumtangaza mtu hana uwezo wa kusimamia mali zake hakufanywi na kikao cha ukoo, hilo ni la mahakama na linahitaji ushahidi wa daktari. Shangazi aambiwe hilo taratibu.

Kuhusu kipigo: fomu ya PF3 inachukuliwa polisi, daktari anaijaza, ndiyo inayobeba ushahidi. Vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto, ombeni kuhudumiwa huko chumbani badala ya kaunta. Mwanamke mzee anahudumiwa vilevile, jina la dawati lisiwachanganye.

Jingine linaloniudhi sana. Watu wanamrekodi bibi wa watu kavimba jicho, analia, kanga imemtoka, wanarusha kwenye magrupu "share mpaka ifike kwa waziri". Huyo bibi ataendelea kuishi mtaa huohuo. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Picha ya jeraha mpe daktari na mpelelezi.

#17 Mlinzi wa Usiku

Nimewasoma wote. Mmemzungumza mama, sawa. Kijana je?

Mimi namtunza baba yangu Kimara. Usiku lindo, mchana baba. Kumgeuza, kumfua, pampasi zenyewe bei yake mnaijua? Ndugu wanakuja Idi na soda, wanachungulia, wanasema "mbona amekonda?" wanaondoka. Sijawahi kumuibia baba na kadi yake siijui, lakini siku ambayo nilimfokea mpaka nikajiogopa, hiyo nimeipitia. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi nalala saa ngapi.

Huyo binamu anaweza kuwa mwizi. Anaweza pia kuwa amechoka na hesabu zimemshinda. Muulizeni naye kabla hamjamtundika.

#18 Kiti Mwendo

Mlinzi, pole kaka. Hilo ni kweli. Mdogo wangu anayenisukuma tulikubaliana ana siku yake ya mapumziko, na siku hiyo mtoto wa jirani ananipeleka. Nisingemlazimisha angenichukia.

#19 Binti Mapipa

Mrejesho.

Binamu alikuja kikao akiwa amefura. Yule dada wa ustawi akaanza naye hivyohivyo, "wewe unaendeleaje?" Jamaa akakaa. Kumbe kazi ya kudumu aliacha mama alipoanguka, anabangaiza, na hela ya pensheni imekuwa inalisha nyumba, inalipa dawa, na nyingine kiukweli imekwenda kwenye madeni yake ya mkopo wa simu. Amekiri mwenyewe. Mama alikuwepo, akasikia yote, maana hakutaka azungumziwe akiwa chumba kingine.

Tulichokubaliana: kufuli la nje limetolewa, fundi ameweka komeo la ndani ambalo mama analifikia kwa mkono wa kulia akiwa amekaa. Ufunguo wa akiba yuko nao jirani, na jirani huyo amemchagua mama. Si yule tuliyemtaka sisi, ni yule mama muuza uji ambaye shangazi hampendi. Benki tulikwenda wote watatu. Mama alibadilisha namba ya siri mwenyewe, alichukua muda, foleni nyuma ikaguna, mlinzi akawatuliza. Pia ujumbe wa benki ulikuwa unakwenda kwenye simu ya binamu, sasa unaingia kwenye kile kisimu chake cha batani. Hela ya matumizi anamtolea mwanawe, inaandikwa kwenye daftari, na mwalimu analisahihisha kwa wino mwekundu. Nimecheka mpaka basi.

Mapumziko ya binamu ni Alhamisi, siku hiyo mimi nampeleka mama darasani kwa bajaji.

Yaliyobaki bado yapo. Ndugu wawili wamejitoa kwenye grupu. Zile hela za nyuma hakuna atakayezirudisha, na mama hataki zitajwe, japo mimi roho inaniuma. Afisa amesema atapita tena bila kutoa taarifa kwa binamu, mama ameridhia. Na tumeelewana neno: mama akinipigia akaulizia "kale kapaka", nijue hali si nzuri, niende.

#20 Fundi Jokofu

Wino mwekundu 😂😂 Walimu bwana.

#21 Baba Kizito

Binti, msalimie mwalimu. Bado naona mngemfikishia mzee wa ukoo mmoja asikike, lakini nyumba haikupangishwa, hilo nimelipenda.

#22 Mgeni Chanika

Wakuu samahani naingia na langu, ni la sasa hivi. Bibi yangu Chanika, mjukuu anakunywa, leo amempiga, mdomo umepasuka. Bibi anasema tusimpeleke popote, tutaaibika. Naanzia wapi?

#23 Mama Ustawi

Hapo ni kipigo, usisubiri. Kama mjukuu bado yupo na ana fujo, piga 112 na mtoe bibi hapo kwanza. Akivuja damu sana au amepigwa kichwani, hospitali moja kwa moja, na uwaambie mapokezi amepigwa. Kama yuko imara, pitieni kituo mchukue PF3, ulizeni Dawati la Jinsia. Asioge wala asibadili nguo kabla daktari hajamwona.

Aibu usibishane naye. Mwambie unamsikia, na kwamba kutibiwa leo hakumlazimishi kuamua leo kuhusu mjukuu. Muulize anataka aende na nani, na usiku huu anataka alale kwa nani.

#24 Mgeni Chanika

Kasema kwa mwanakwaya mwenzake, nyumba ya tatu. Mjukuu ameshatoka. Bodaboda imefika.

#25 Mama Ustawi

Sawa. Chukua kitambulisho chake cha NIDA, kadi ya kliniki na dawa zake za presha, visibaki ndani ya nyumba hiyo. Bodaboda aende taratibu.